Kutoka Mada Pana hadi Swali Linalojibika: Uandishi wa Makala ya Utafiti ya Ngazi ya Chuo kuhusu Usalama wa Mtandao

Ikisiri

Makala haya yanafafanua hatua za kuandika makala ya utafiti ya ngazi ya chuo kuhusu usalama wa mtandao. Hoja kuu ni kwamba makala mengi ya wanafunzi katika uwanja huu hudhoofika kwa sababu mada zake hazina mahali pa kushikika: mwandishi hasemi ni nani anayeshambuliwa, kwa njia gani, na shambulio linafanikiwa katika hatua ipi. Upungufu wa ujuzi wa kompyuta si chanzo kikuu cha udhaifu huo. Kwa kutumia mfano wa ujumbe mfupi wa kitapeli unaofahamika sana nchini Tanzania, ule unaoanza kwa maneno "Ile hela", makala yanaonyesha namna ya kubana mada, kusoma maandiko yaliyotangulia, kukusanya na kuchanganua data, kuwalinda watoa taarifa na kuchagua istilahi. Inahitimishwa kuwa mwanafunzi anayeandika kwa Kiswahili ana nafasi ya pekee katika uwanja huu, kwa kuwa sehemu kubwa ya ushahidi wa ulaghai unaoikabili jamii yake imeandikwa kwa lugha hiyohiyo.

Istilahi za msingi: usalama wa mtandao, ulaghai, swali la utafiti, data, maadili ya utafiti, istilahi

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi anapotakiwa kuandika makala ya utafiti kuhusu usalama wa mtandao, kichwa kinachomjia kwanza huwa na sura kama hii: "Changamoto za Usalama wa Mtandao nchini Tanzania." Kichwa hicho kina mwonekano wa kitaaluma, na kwa sababu hiyo kinaridhisha haraka. Kinachofuata hutabirika. Ukurasa wa kwanza unaeleza intaneti ni nini. Ukurasa wa pili unaorodhesha aina za virusi vya kompyuta. Ukurasa wa tatu unataja sheria zilizopo, na ukurasa wa mwisho unapendekeza wananchi waelimishwe. Huenda hakuna sentensi hata moja iliyo ya uongo katika makala hayo. Hata hivyo, hakuna sentensi iliyohitaji utafiti ili iandikwe.

Udhaifu huo una athari zinazovuka mipaka ya chumba cha semina. Nyuma ya mada hii wapo watu: mzazi aliyetuma ada ya mtoto kwa namba asiyoijua, mfanyabiashara mdogo aliyepoteza mtaji wa wiki nzima, mwanafunzi aliyetumia fedha za chakula kulipia "nafasi ya kazi" isiyokuwepo. Wengi wao hunyamaza, kwani kutapeliwa huambatana na aibu. Makala yanayorudia kwamba watumiaji ni wazembe na wanahitaji elimu huongeza aibu hiyo bila kuongeza maarifa. Kwa hiyo, suala la namna ya kuandika makala ya usalama wa mtandao ni suala la kimbinu na pia la kimaadili.

Makala haya yanafuata mpangilio wa kazi yenyewe: kutoka katika maana ya dhana, kubana mada, mapitio ya maandiko, data, maadili na istilahi, hadi uandishi wa matokeo. Mfano mmoja unatumika tangu mwanzo hadi mwisho ili msomaji aone hatua zote zikigusa kitu kilekile.

2.0 Maana na Mawanda ya Usalama wa Mtandao

Wataalamu wa fani hii hueleza usalama wa taarifa kwa kutumia sifa tatu. Ya kwanza ni usiri, yaani taarifa kuonekana na wale tu wanaostahili. Ya pili ni ukamilifu, yaani taarifa kubaki kama ilivyowekwa bila kubadilishwa kinyume cha utaratibu. Ya tatu ni upatikanaji, yaani taarifa au huduma kuwepo pale mwenye haki anapoihitaji. Katika huduma za fedha kwa simu, usiri unahusu namba ya siri na salio la mteja. Ukamilifu unahusu usahihi wa miamala. Upatikanaji unahusu uwezo wa mteja kutoa fedha zake anapofika kwa wakala.

Mgawanyo huu husaidia, lakini mwanafunzi hapaswi kuunakili na kuendelea. Anapaswa kuupima kwa tukio halisi. Tuchukue ujumbe huu, ambao kwa sura moja au nyingine umewafikia watumiaji wengi wa simu nchini Tanzania: "Ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja..." na kisha hufuata jina la mtu. Mpokeaji akituma fedha, je, ni sifa ipi kati ya tatu iliyovunjwa? Namba ya siri haikuvuja, kwani mteja aliiandika mwenyewe katika simu yake. Muamala haukubadilishwa njiani; mfumo ulipeleka kiasi kilekile kwa namba ileile iliyoandikwa. Huduma haikukatika. Mfumo ulifanya kila ulichoagizwa, na mtu amepoteza fedha.

Hapa ndipo utafiti unapoanza. Mwandishi anaweza kuamua kwamba tukio hili ni utapeli wa kawaida uliotumia simu kama chombo, na hivyo haliingii katika mawanda yake. Anaweza pia kuamua kwamba usalama wa mtandao unajumuisha uamuzi wa binadamu anayeutumia mfumo, na hivyo tukio hili limo ndani kabisa. Misimamo yote miwili inateteeka. Kisichoteteeka ni kutoa fasili ya sifa tatu katika ukurasa wa pili na kuzungumzia utapeli wa ujumbe mfupi katika ukurasa wa sita bila kuonyesha uhusiano wake na fasili hiyo. Fasili ni ahadi ambayo makala yote yanapaswa kuitimiza.

3.0 Kubana Mada

Mada ya usalama wa mtandao hubanwa kwa maswali matatu: Nani anashambuliwa? Kwa njia gani? Shambulio linafanikiwa katika hatua ipi? Swali la tatu ndilo linalosahaulika zaidi, na ndilo lenye thamani kubwa zaidi kwa mtafiti.

Mfano mashuhuri wa programu hasidi iliyoitwa WannaCry unadhihirisha jambo hili. Mnamo tarehe 12 Mei 2017 programu hiyo ilianza kuenea katika nchi nyingi kwa muda mfupi, ikafunga mafaili ya kompyuta na kudai malipo ili yafunguliwe. Nchini Uingereza, angalau theluthi moja ya taasisi 236 zinazoendesha hospitali na huduma nyingine za afya za umma katika eneo la England ziliathiriwa, na maelfu ya miadi ya wagonjwa ikaahirishwa. Mwanafunzi anaweza kuandika kurasa kumi kuhusu ustadi wa wadukuzi. Hata hivyo, kampuni ya Microsoft ilikuwa imetoa sasisho la kuziba udhaifu uliotumiwa mwezi Machi 2017, takriban miezi miwili kabla ya shambulio. Hatua iliyoamua matokeo ilikuwa ile ambayo taasisi ilisakinisha au haikusakinisha sasisho hilo. Swali la utafiti linalotokana na hapo linajibika: Ni sababu zipi za kiutendaji zinazochelewesha usakinishaji wa masasisho katika taasisi fulani? Swali hilo linaweza kuulizwa katika maktaba ya chuo, katika zahanati au katika ofisi ya halmashauri, na majibu yake hayajulikani kabla ya kuuliza.

Tukirudi katika mfano wetu, mada pana "utapeli wa mtandaoni" inaweza kubanwa hatua kwa hatua. Kwanza, iwe ulaghai unaohusu huduma za fedha kwa simu. Pili, iwe ulaghai unaopitia ujumbe mfupi wa maandishi, na si simu za sauti wala ubadilishaji wa laini. Tatu, iwe aina moja ya ujumbe, ule wa "Ile hela". Nne, iwe hatua moja: ile ambayo mtumaji huona jina la mpokeaji kwenye skrini kabla ya kuthibitisha muamala. Swali linakuwa hivi: Watumaji wa fedha hulitumiaje jina linaloonekana kabla ya uthibitisho katika kuamua kuendelea au kusitisha muamala? Mwanafunzi wa shahada ya kwanza anaweza kulijibu swali hili kwa muhula mmoja. Halihitaji maabara. Linahitaji uangalifu.

Wapo watakaosema kwamba swali kama hilo ni dogo mno. Jibu ni kwamba jina hilo liliwekwa katika mfumo ili liwe kinga. Ikiwa kinga inatumiwa kinyume na ilivyokusudiwa, hilo ni jambo kubwa, hata kama limeonekana kupitia tundu dogo.

4.0 Mapitio ya Maandiko

Lengo la mapitio ya maandiko ni kuonyesha mjadala uliopo na mahali ambapo swali la mtafiti linaingia. Kuonyesha wingi wa vitabu vilivyosomwa hakutoshi. Katika mfano wetu, kazi tatu zinatosha kuonyesha namna mjadala unavyojengwa.

Kazi ya kwanza ni ya Anne Adams na Martina Angela Sasse (1999). Watafiti hawa walichunguza namna wafanyakazi wanavyotumia nywila kazini. Waligundua kwamba mambo yaliyokuwa yakiitwa uzembe, kama vile kuandika nywila kwenye karatasi, mara nyingi yalisababishwa na masharti yasiyolingana na mazingira ya kazi pamoja na ukosefu wa maelezo kwa watumiaji. Hoja yao kwamba mtumiaji si adui ilibadilisha mwelekeo wa swali: badala ya kuuliza kwa nini watu hawatii, ikaulizwa mfumo unawadai nini.

Kazi ya pili ni ya Alma Whitten na J. D. Tygar (1999). Hawa waliwapa washiriki 12 programu ya usimbaji wa barua pepe na dakika 90 za kutia sahihi na kusimba ujumbe. Ni theluthi moja tu waliofanikiwa. Programu ilikuwa imara kihisabati, lakini watu wenye elimu nzuri walishindwa kuitumia. Kazi hii inatufundisha kwamba kinga isiyoeleweka na mtumiaji haimkingi.

Kazi ya tatu ni ya Cormac Herley (2012), aliyeuliza swali linaloonekana la mzaha: kwa nini matapeli wa barua pepe hutunga hadithi ambazo karibu kila mtu anaweza kuzitambua? Jibu lake ni kwamba ujumbe usioaminika humsaidia tapeli. Kumtumia kila mtu ujumbe ni kazi rahisi, lakini kuendelea kuzungumza na wanaojibu kunagharimu muda. Ujumbe wa ajabu huwaondoa mapema wale ambao wangeishia kushtuka, na huacha wachache wanaoelekea kukubali. Ujumbe, kwa maana hiyo, ni chekeche.

Mapitio yanapaswa kuzihusianisha kazi hizi. Kazi mbili za kwanza zinaangalia kinga na mtumiaji. Ya tatu inaangalia mantiki ya mshambuliaji. Zote zilitokana na mazingira ya kompyuta na barua pepe. Hakuna kati yake inayochunguza ujumbe mfupi wa Kiswahili unaoelekezwa kwa mtumiaji wa huduma za fedha kwa simu. Hapo ndipo pengo la utafiti wetu lilipo, na msomaji amelionyeshwa badala ya kuambiwa tu kwamba "tafiti nyingi hazijafanyika".

Tahadhari moja inahitajika kuhusu vyanzo. Sehemu kubwa ya takwimu za usalama wa mtandao hutolewa na kampuni zinazouza kinga. Hilo halizifanyi takwimu hizo kuwa za uongo, lakini mwandishi lazima aeleze nani alihesabu, alihesabu nini, na ana maslahi gani. Takwimu za mamlaka za umma nazo zisomwe kwa makini. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania huchapisha takwimu za mawasiliano kila robo mwaka, na katika miaka ya karibuni taarifa hizo zimejumuisha majaribio ya ulaghai. Jaribio la ulaghai, mtu aliyelaghaiwa na kiasi kilichopotea ni vitu vitatu tofauti. Mwanafunzi anayechukua idadi ya majaribio na kuandika kwamba "watu kadhaa walitapeliwa" ameharibu ushahidi wake kwa neno moja.

5.0 Data: Ukusanyaji na Uchanganuzi

5.1 Ukusanyaji

Kwa swali letu, data za aina mbili zinahitajika. Aina ya kwanza ni jumbe zenyewe, zinazopatikana kwa ridhaa ya waliozipokea. Aina ya pili ni maelezo ya watumaji wa fedha kuhusu wanavyofanya uamuzi, yanayopatikana kwa usaili. Aina moja haiwezi kuziba nafasi ya nyingine. Ujumbe unaonyesha kilichotumwa. Hauonyeshi kama mtu aliamini. Usaili unaonyesha mtu anavyokumbuka. Hauonyeshi mara zote alivyotenda.

Mtafiti aeleze pia mipaka ya sampuli. Jumbe zilizokusanywa kutoka kwa wanafunzi wa chuo kimoja haziwakilishi nchi nzima, na watu waliokubali kuzungumza huenda si wale walioumia zaidi. Kusema hivyo hakupunguzi hadhi ya makala. Kunamwezesha msomaji kujua ni uzito gani aupe ushahidi.

5.2 Uchanganuzi

Uchanganuzi wa ujumbe wa kitapeli ni mahali ambapo mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kuona asichokiona mtaalamu wa kompyuta. Tuusome tena ujumbe wetu, kipengele kwa kipengele.

Neno la kwanza ni "ile". Kionyeshi hiki hapa hakionyeshi umbali wa mahali. Kinarejelea jambo ambalo mzungumzaji na msikilizaji wanalijua tayari. Ujumbe hausemi "una deni" wala "nakuomba hela". Unachukulia kwamba habari ya hela ilikwishazungumzwa. Mpokeaji asiyedaiwa na mtu hupuuza. Mpokeaji ambaye siku hiyo anatarajia kulipa kodi ya nyumba, ada au bei ya mzigo hujaza mwenyewe kirejelewa kinachokosekana. Tapeli hahitaji kumjua. Neno moja lenye silabi mbili linafanya kazi ya chekeche aliyoieleza Herley, lakini kwa njia tofauti: halichekechi kwa ajabu ya hadithi, bali kwa kuwepo au kutokuwepo kwa deni katika maisha ya mpokeaji. Hiki ni kipengele ambacho nadharia iliyotokana na barua pepe ndefu za Kiingereza haikukilenga.

Kipengele cha pili ni kukosekana kwa salamu. Katika mawasiliano ya Waswahili, kumkabili mtu kwa ombi bila salamu ni utovu wa adabu, isipokuwa pale ambapo mazungumzo yanaendelea. Kutosalimu kunajenga hisia kwamba mazungumzo yalikwishaanza. Vilevile kunamwepusha mwandikaji na uchaguzi wa hatari: akiandika "shikamoo" amejiweka mdogo, akiandika "mambo" amejifanya rika, na kwa namna yoyote anaweza kumkosa anayemlenga.

Kipengele cha tatu ni "namba hii". Kionyeshi cha karibu kinaitofautisha namba mpya na namba ambayo mpokeaji angeitarajia, na kinafanya mabadiliko hayo yaonekane kuwa jambo dogo la kiutaratibu.

Kipengele cha nne ni "jina litakuja". Mfumo wa fedha kwa simu humwonyesha mtumaji jina la mpokeaji ili aweze kusita iwapo jina ni geni. Ujumbe unamwandaa kuliona jina geni kabla hajafika hapo. Jina linapotokea, linalingana na alichoambiwa, na kulingana huko huchukuliwa kama uthibitisho. Kinga imegeuzwa kuwa shahidi wa tapeli.

Uchanganuzi huu ni wa ujumbe mmoja, na ujumbe mmoja hautoshi kuwa matokeo ya utafiti. Unatoa makundi ya kuchunguza katika jumbe zote zilizokusanywa: namna ujumbe unavyoanza, kirejelewa kinachochukuliwa kuwa kinajulikana, namna ombi linavyoelezwa, na namna shaka ya mpokeaji inavyotanguliwa. Watu wawili wapange jumbe katika makundi hayo, kila mmoja peke yake, kisha walinganishe. Kiwango cha makubaliano yao kinaweza kupimwa kwa kipimo cha kapa kilichopendekezwa na Jacob Cohen mwaka 1960, ambacho huzingatia makubaliano yanayoweza kutokea kwa bahati tu. Wasipokubaliana, makundi yafafanuliwe upya. Kutokubaliana huko nako kuripotiwe.

6.0 Maadili na Sheria

Utafiti wa usalama wa mtandao una hatari mbili ambazo fani nyingine hazina kwa kiwango hicho: mtafiti anaweza kuvunja sheria, na anaweza kumwumiza tena mtu aliyekwishaumizwa.

Kuhusu hatari ya kwanza, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nchini Tanzania, katika kifungu cha 4, inaharamisha kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini. Mwanafunzi anayejaribu kuingia katika mfumo wa matokeo wa chuo "ili kupima usalama wake" hawezi kujitetea kwa kusema kwamba alikuwa akiandika makala. Kenya ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya mwaka 2018. Kanuni ya kufuata ni moja: usiguse mfumo ambao mwenyewe hajakupa kibali cha maandishi. Vilevile, mtafiti hapaswi kuwatumia watu jumbe za kitapeli alizozitunga ili aone wangapi watanasa, isipokuwa chini ya utaratibu uliopitishwa na kamati ya maadili ya chuo chake.

Kuhusu hatari ya pili, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamhusu mtu yeyote anayekusanya na kuchakata taarifa zinazomtambulisha mtu, mtafiti akiwemo. Namba ya simu ni taarifa ya namna hiyo. Jina lililo ndani ya ujumbe pia ni taarifa ya namna hiyo, na hapa kuna jambo lisilofikiriwa na wengi: jina linalotajwa baada ya "jina litakuja" huenda ni la mtu ambaye kitambulisho chake kilitumiwa kusajili laini bila yeye kujua. Kulichapisha kama jina la tapeli ni kumshtaki mtu bila ushahidi.

Mwandishi wa makala haya alijifunza hilo kwa kosa lake mwenyewe. Katika kazi ya awali ya uzamili alikusanya picha za skrini za jumbe za aina hii na kuzipanga katika kiambatisho cha rasimu. Alifuta namba za wapokeaji, akaacha namba na majina ya "matapeli", akiamini kwamba hao hawastahili kulindwa. Mmoja wa watoa taarifa, alipoonyeshwa rasimu, alisema kwamba jina moja analifahamu: ni la mama muuza mboga wa mtaani kwao, ambaye miezi kadhaa nyuma alisaidiwa na kijana asiyemjua kusajili laini. Ukweli wa maelezo hayo haukuweza kuthibitishwa, na kwa sababu hiyohiyo jina halikupaswa kuwepo. Kiambatisho kiliondolewa chote na kuandikwa upya. Tasnifu zinazohifadhiwa katika hazina huria husomwa na yeyote, popote, kwa miaka mingi. Kiambatisho ambacho zamani kingelala kwenye rafu ya maktaba, leo kinapatikana kwa kutafuta jina la mtu.

Inashauriwa, kwa hiyo, kwamba majina na namba zote ziondolewe wakati wa kukusanya, si wakati wa kuandika. Kwamba kila mtoa taarifa apewe namba ya utambulisho. Na kwamba faili linalounganisha namba hizo na majina lihifadhiwe peke yake, lifungwe kwa nywila na lifutwe kazi inapokamilika. Mtafiti wa usalama anayepoteza diski yenye data za watoa taarifa wake amejibu swali la utafiti kwa njia ya aibu.

7.0 Istilahi

Tatizo la istilahi katika uwanja huu huelezwa mara nyingi kama upungufu wa maneno. Katika uzoefu wa uandishi, tatizo kubwa zaidi ni maneno yaliyopo kubeba maana zaidi ya moja. "Mtandao" ni intaneti, ni muunganiko wa kompyuta, na katika mazungumzo ya kila siku ni kampuni ya simu, kama mtu anapouliza, "Unatumia mtandao gani?" Mtoa taarifa anayesema "mtandao ndio wenye makosa" anaweza kuwa anailaumu kampuni, intaneti au mnara. Mtafiti amuulize afafanue, asimfasirie.

Neno "usalama" lina uzito wake pia. Mtafiti anayejitambulisha kwa kusema "nafanya utafiti wa usalama" anaweza kusikika kama mtu wa vyombo vya dola, na mazungumzo yakafungwa hapo. Ni afadhali aseme kwamba anachunguza utapeli wa kwenye simu. Vivyo hivyo, "nywila" ni istilahi inayofaa katika maandishi, lakini katika usaili watu wengi hutumia "namba ya siri" au "neno la siri". Dodoso linaloandikwa kwa istilahi ambazo mhojiwa hazitumii hupima msamiati wake, si tabia yake.

Utaratibu unaofaa ni kufasili istilahi mara moja mwanzoni, kuitumia bila kuibadilisha, na kuhifadhi maneno ya watoa taarifa kama walivyoyasema katika nukuu. Tofauti kati ya istilahi ya mtafiti na neno la mtoa taarifa inaweza yenyewe kuwa tokeo.

8.0 Uandishi wa Matokeo na Mapendekezo

Matokeo yaelezwe kwa mpangilio wa maswali ya utafiti, na kila dai liwe na ushahidi wake karibu. Mwandishi atofautishe anachokiona na anachokifasiri. "Jumbe zote zilizochunguzwa hazikuwa na salamu" ni uoni. "Kukosekana kwa salamu kunajenga hisia ya mazungumzo yanayoendelea" ni fasiri, na inahitaji kuungwa mkono na maelezo ya wasailiwa.

Mapendekezo ndiyo sehemu ambayo makala mengi hurudi kwenye mazoea. Pendekezo la "elimu itolewe kwa umma" linaweza kuandikwa hata kabla ya utafiti kuanza. Kwa hiyo halitokani nao. Ikiwa matokeo yanaonyesha kwamba jina linaloonekana kwenye skrini hutumika kama uthibitisho wa alichosema tapeli, pendekezo liguse hatua hiyo: kwa mfano, skrini imjulishe mtumaji kwamba hajawahi kutuma fedha kwa namba hiyo. Pendekezo la namna hiyo linaweza kupimwa, kukosolewa na kuboreshwa. Pia linahamisha mzigo kutoka kwa mtumiaji peke yake na kuugawa kwa aliyetengeneza mfumo, kama Adams na Sasse walivyohimiza.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba makala bora ya utafiti kuhusu usalama wa mtandao huanzia mahali padogo panapoonekana vizuri: mtu fulani, njia fulani, hatua fulani. Kutoka hapo, fasili hupimwa, maandiko huingia katika mjadala, data hupata kazi ya kufanya, na mapendekezo hupata mahali pa kushika. Yameonyesha pia kwamba maadili hayapaswi kuwa aya ya kutimiza masharti ya idara, kwa kuwa data za uwanja huu ni majina na hasara za watu walio hai.

Kwa mwanafunzi anayeandika kwa Kiswahili, lipo jambo la ziada. Mara nyingi huhisi kwamba anaingia katika uwanja wa wengine akiwa na lugha isiyo na maneno ya kutosha. Ushahidi wa ujumbe mmoja mfupi unaonyesha vinginevyo. Tapeli anaijua nguvu ya "ile". Anajua lini salamu iachwe na lini jina litajwe mapema. Ujuzi huo ni wa lugha, na utafiti wa kuufichua unahitaji watu wanaoijua lugha hiyo kwa kina kisichopungua cha kwake.